Mistari Kumi na Moja ya Penseli

Nianze na ukweli ili tusizungushane: mdogo wangu nilikuwa namwonea wivu. Sisemi ule wivu wa kutaniana, wa "hongera bwana, na sisi tutafika." Nasema wivu wenyewe, wa kuamka nao asubuhi na kunywa nao chai. Akisifiwa, roho inaniuma. Akikosolewa, siku hiyo nakula vizuri. Kwa miaka sita, tangu kitabu chake kitoke, nilikuwa nasoma gazeti kuanzia nyuma kwenda mbele, ili nikikutana na picha yake niwe angalau nimeshamaliza habari za mpira.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya njozi. Mna majoka, mna majitu, mna upanga unaochagua mtu wa kuushika, kurasa mia sita na ushee. Mama yetu amekiweka juu ya kabati la televisheni, kimefungwa nailoni kisiingie vumbi, na mgeni akiingia lazima aoneshwe kabla hajapewa hata maji. "Mwanangu ndiye kaandika," anasema. Halafu akikumbuka kwamba na mimi nipo sebuleni, ananionesha kwa kidevu. "Na huyu ni dada yake."

Dada yake. Miaka hamsini na tisa niko duniani, na cheo nilichopata ndicho hicho.

Mimi kazi yangu ni kwenye chumba cha hati za kale, chini kabisa ya maktaba kuu. Nimefanya miaka thelathini na tatu. Chumba hakina dirisha kwa sababu jua linakula wino. Kuna meza mbili ndefu, taa zenye shingo za kukunja, na ukuta mzima wa droo ndogo za mbao. Ndani ya droo mna kadi, na kadi zote hizo ni mkono wangu. Unachukua hati ya ngozi, ya miaka mia saba huko nyuma, imeandikwa kwa lugha ambayo siku hizi haina hata mtu wa kuitumia kutukana. Unaisoma mstari kwa mstari, unaitafsiri kwenye kadi, kadi inakwenda kwenye droo yake. Kuna droo ya majitu, ya safari za kuzimu, ya walinzi wa milango. Ukitaka kujua joka alianza lini kulalia dhahabu, huna pa kwenda ila kwangu.

Ndiyo maana waandishi wa njozi wananichefua. Anahojiwa mtu, amekaa vizuri kwenye kiti, mguu juu ya mguu, anakwambia, "Lilinijia tu, usingizini." Likujie wewe kama nani? Hilo joka lako limepita kwa mabaharia, limepita kwa watawa walionakili vitabu mpaka vidole vikapinda, limepita kwa mabibi waliosimulia huku wakisokota nyuzi, na mimi nina kadi zake mia moja na arobaini. Halafu eti limeruka hao wote, limekuja kitandani kwako.

Mdogo wangu, niseme haki, hakuwa na maringo hayo. Kila akihojiwa alikuwa anataja wazi kwamba moyo wa kitabu chake umetoka kwenye hati ya kale, hadithi ya mabinti wawili. Na hilo ndilo lililonikata maini zaidi, maana hadithi hiyo alikutana nayo mezani kwangu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Akitoka shule anakuja kunisubiri turudi pamoja, anasoma tafsiri zangu zilizopigwa taipu, anadondosha chenga za biskuti juu ya meza ambayo hata kiwiko hakiruhusiwi. Mimi nimeisotea lugha ile miaka saba, yeye kasoma tafsiri wiki mbili, halafu gazetini yuko nani?

Hadithi ni hivi. Binti mdogo anakufa. Dada yake anakataa, anashuka kuzimu kumfuata. Anapita mlango wa kwanza, wa pili, mpaka anafika mlango wa mwisho, na hapo amelala joka. Joka halitaki dhahabu. Dhahabu linayo ya kulalia. Linataka jina, lile ambalo mama yake humwita. Dada anatoa. Anamshika mdogo wake mkono, wanapanda, wanafika nyumbani, mama yao yuko mlangoni. Mama anaita lile jina kwa furaha. Na anayeitika ni yule mdogo.

Hapo watu hulia. Nimewaona kwa macho yangu kwenye ukumbi, wanaume wazima na ndevu zao, wanatafuta leso. Kuna vijana wamejichora tatuu mkononi: *Na anayeitika ni yule mdogo.* Hata mimi, na kijicho changu chote, nikifika pale huwa natazama pembeni kidogo.

Sasa mwaka huu Mkuu wa maktaba akaja na wazo la maonyesho. Mkuu ni kijana kwangu, ana miaka arobaini, hamalizi sentensi bila kusema "kitaalamu," lakini si mtu mbaya. Alitaka makabati tisa ya vioo. Kushoto ukurasa wa zamani, kulia riwaya ya leo iliyozaliwa nao. "Kitaalamu, tunaonesha mizizi," alisema. "Watu wajue hizi njozi hazikuota zenyewe." Kabati la tisa, la katikati ya ukumbi, lingekuwa la mdogo wangu, na maelezo ya makabati yote niandike mimi.

Halafu akashusha sauti. "Na ile katalogi ya kadi zako inatoka kwa mpiga chapa wiki hiyo hiyo. Jina lako liko kwenye jalada."

Ilibidi nikae. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu kustaafu, na nilishazoea kwamba nitaondoka nilivyoingia, na mkoba wangu tu. Kurasa elfu moja na mia mbili! Mara mbili ya za mdogo wangu, na msinicheke, nilihesabu. Nilishaiona juu ya kabati la televisheni. Nilishamwona Mama anatafuta nailoni nyingine.

Basi kabati la tisa nililiandaa kwa roho mbaya, sifichi. Kushoto niliacha nafasi ya ukurasa wenyewe. Katikati nikaweka tafsiri yangu iliyopigwa taipu. Kulia kitabu chake, kimefunguliwa pale pale panapoliza watu. Chini yake nikabandika karatasi niliyopigia mstari mwekundu kila neno alilolibeba zima zima bila kulibadilisha: maneno sabini na matatu. Sikumtukana. Juu nikaandika tu, "Kutoka kwa nani?" Nilitaka watu wasome kushoto, wasome kulia, kisha wamgeukie na lile jicho. Zaidi nilitaka Mama asimame pale.

Mdogo wangu akapiga simu, mpole. "Dada, naomba nije siku moja kabla, niuone ukurasa wa thelathini na moja kwa macho yangu. Nimeishi nao miaka yote hii na sijawahi kuuona."

"Njoo tu," nikamwambia. Nilikuwa nacheka moyoni.

Asubuhi ya siku hiyo nikatoa sanduku stoo. Hati ile ilikuwa haijafunguliwa tangu nilipoimaliza, kwani kila mtu alitumia tafsiri, na ngozi ikapumzika. Nikavaa glavu, nikafungua, nikageuza polepole mpaka thelathini na moja.

Palikuwa na tundu.

Na si la sindano. Lilikuwa tundu la ukubwa wa kiganja, wadudu wamekula, kingo zimejikunja na kuwa kahawia. Juu ya tundu nasoma vizuri: *akafika mlango wa mwisho, na hapo amelala joka.* Chini ya tundu nasoma vizuri: *nao wakaishi nyumba moja siku zao zote.* Katikati hamna kitu. Nilipopitisha mkono kwa chini niliona glavu yangu.

Nikadhani nimechukua sanduku lisilo lake. Nikaangalia namba mara tatu. Ndilo. Nikaenda kwenye droo ya walinzi wa milango, nikavuta kadi.

Hapa lazima niwaeleze kanuni ya chumba chetu. Unachokisoma kwa macho unakiandika kwa wino. Unachokikisia, mahali palipofutika au palipoliwa, unakiandika kwa penseli, na siku ya kukipiga taipu unakifunga ndani ya mabano, ili kila mtu ajue kwamba hapa anasema msomaji, hati imenyamaza. Kanuni hiyo nimewafundisha watu zaidi ya thelathini. Nimeshamliza mtoto wa watu mpaka kamasi kwa neno moja alilolisahaulia mabano.

Kadi ilikuwa na mistari miwili ya wino, kisha mistari kumi na moja ya penseli, kisha wino tena. Mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka ishirini na saba, herufi zimelalia upande kwa haraka. Joka halitaki dhahabu. Linataka jina. Na anayeitika ni yule mdogo. Yote penseli. Na kwenye karatasi ya taipu, maneno hayo hayo, meusi kama mengine, bila bano hata moja. Taipureta haina penseli, ina rangi moja tu. Mabano ni ya mtu kuweka, na mtu mwenyewe ndiye mimi.

Nikakaa, na mambo yakaanza kurudi.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa ananiita Chiriku, kwa sababu sikujua kunyamaza. Nilikuwa na miaka kumi mdogo wangu alipozaliwa, kitoto cha kuugua kila wiki, majirani wanamtazama Mama kwa huruma ya mapema. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgongoni. Nikamwimbia mpaka sauti ikakauka. Akapona, na alipopona akaanza kusema hata kabla hajasimama vizuri. Siku moja Mama akaita kutoka jikoni, "Chiriku!" Nikaacha ndoo, nikakimbia. Kufika, nakuta anayeitwa ni yeye, amekaa sakafuni, anacheka. Hakuna kikao kilichokaa, hakuna aliyeniuliza. Jina lilihamia kwake kama gauni lililonibana. Mimi nikabaki Dada.

Miaka kumi na sita baadaye, mchana mmoja, nilikwenda nyumbani kula. Mama hata hakuinua uso. "Mwambie Chiriku chakula tayari," akasema. Nikarudi kazini, nikafungua hati, nikakuta tundu, nikashika penseli. Nilipofika kwenye taipu nikasema ngoja nione inavyokaa bila mabano. Ilikaa vizuri sana. Nikasema nitayaweka kesho. Kesho ikaja na hati nyingine, na miaka ikapita, na mimi mwenyewe nikaja kuamini kwamba niliyasoma kwenye ngozi.

Nilicheka peke yangu mle ndani, kicheko kibaya. Miaka sita nateseka na wivu kwa maneno yangu mwenyewe! Halafu nikapandisha hasira: kumbe ameniibia mimi, mimi hasa! Sabini na matatu, yote yangu! Nilikuwa nimeshasimama niende kumpigia simu Mama, ndipo nikakumbuka katalogi.

Nikilisema hili, swali la kwanza litakuwa: na kwingine je? Kadi ziko elfu kumi na nane. Nani ataamini hata moja? Jina langu halitakaa siku mbili kwenye jalada lile. Nikinyamaza, ni rahisi mno. Nitasema ngozi imechoka, haiwezi kuoneshwa. Wanaoweza kuisoma hati ile nyumba hii ni mimi na Mkuu, na Mkuu mwenyewe anasoma kwa kupapasa. Nikafunika sanduku, nikaitia kadi mfukoni. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, msinitazame hivyo. Nanyi mngeamua hivyo hivyo.

Mdogo wangu akaingia. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akavuta kiti, akaweka kiwiko mezani.

"Kiwiko."

Akakitoa upesi, kama zamani. Nikamwambia nimesikitika, ngozi imedhoofu, haifunguki, labda mwakani. Nilitegemea anune. Badala yake akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema.

"Afadhali vipi? Si ulikuwa unalilia kuuona?"

Akachezea zipu ya mkoba. "Nikwambie kitu, usinicheke. Huyu mtu wa ukurasa wa thelathini na moja simpendi. Simpendi kabisa."

"Mtu gani?"

"Aliyeandika. Huyo marehemu wangu. Kile kitabu kimenichukua miaka tisa, dada. Kurasa mia sita nimeandika mimi. Nikienda popote naulizwa ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe ni wake. Wakijichora, wanajichora maneno yake. Siku ile ya tuzo nimesimama jukwaani, natabasamu, najua kabisa wanampa yeye. Roho iliniuma mpaka nikasahau kumshukuru Mama." Akacheka bila furaha. "Namwonea wivu mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita. Umewahi kuona kichaa kama hicho?"

Mnisamehe, lakini nilisikia raha. Raha tamu, ilianzia kwenye unyayo ikapanda. Miaka sita nzima, wakati mimi namtazama yeye gazetini na kusaga meno, mwenzangu alikuwa anasaga meno kwa ajili yangu! Nilikaza uso kwa nguvu zangu zote.

"Na linaloniudhi zaidi," akaendelea, "ni kwamba halikutungwa lile. Mimi najua kutunga, nalijua jambo la kutunga likoje. Huyu mtu alifanyiwa. Kuna mtu alimchukulia jina lake kweli, na mama yake hata hakuona. Mimi kila nikisoma natamani nimjue aliyelichukua nimzabe kofi."

Akaniangalia na yale macho yake makubwa, yale yale ya kitoto cha mgongoni. Hakujua. Miaka yote hii anajibu akiitwa, na hakujua kabisa.

Ningependa kuwaambia kwamba wema ndio ulionisukuma. Hapana. Ulikuwa wivu uleule. Sikuweza kuvumilia dakika moja zaidi sifa zile ziende kwa marehemu asiyekuwapo, na mimi nipo, niko hai, nimekaa mbele yake na glavu mkononi. Nikafungua sanduku. Nikageuza mpaka thelathini na moja, nikatoa kadi mfukoni, nikailaza kando ya tundu.

Alitazama tundu muda mrefu. Kisha akatazama kadi. Mwandiko wangu anaujua, niliwahi kumwandikia barua za udhuru shuleni na kuziwekea sahihi ya Mama.

"Hii penseli ni ya nani?"

"Unaijua ni ya nani."

"Dada." Akasimama. "Miaka sita nasimama mbele za watu nasema ni maneno ya kale! Nimeapa! Umenifanya mwongo wa dunia nzima!"

"Na wewe umenifanya dada yake mwandishi!"

Tulikuwa tunapiga kelele, kwenye chumba ambacho hata kukohoa watu wanaomba radhi. Alizunguka meza mara mbili akihema. Nikangoja anitukane, nilikuwa na majibu tayari, tena mengi. Lakini alirudi kwenye kadi, akasoma tena akifuatisha kwa kidole bila kugusa, na kidole kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Uliandika lini?"

"Wewe ukiwa na miaka kumi na saba."

Nikamwona anahesabu. Uso wake ulibadilika taratibu, na nikatamani ningefunika lile sanduku.

"Kabla yangu," akauliza kwa sauti ndogo, "Chiriku alikuwa nani?"

Akakaa, akaweka viwiko vyote viwili mezani, akafunika uso. Nikaviacha.

"Basi nizabe," nikasema mwishowe. "Au nikuzabe mimi. Wewe ndiye uliyelichukua, na ulisema aliyelichukua azabwe kofi."

Akacheka na machozi yake, kamasi zikamtoka. Nikampa leso ya kufutia taa.

Tulipanda kwa Mkuu sote wawili. Hakufoka. Alisema "Kitaalamu..." halafu akashindwa kuimaliza, akakaa anatazama kadi. Kisha akampigia simu mpiga chapa mbele yetu, akamwambia asimamishe jalada. Kadi zote zitahakikiwa upya, moja moja, na watu wengine, nikishaondoka. Katalogi ikitoka, kama itatoka, haitakuwa na jina langu. Aliyasema hayo akitazama meza, na sikumlaumu. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile nisingekuwa na huruma hata hiyo.

"Na kabati la tisa liondolewe," akasema.

"Likiondoka, na kitabu changu kinaondoka," mdogo wangu akamjibu. Mkuu akatutazama sote wawili, akakubali kabati libaki.

Nikarudi ukumbini, nikachana ile karatasi yenye mistari myekundu vipande vidogo vidogo. Tafsiri ya taipu nikaitoa, mahali pake nikaweka kadi. Maelezo mapya nikayaandika kwa penseli, ndani ya mabano: *Ukurasa huu umeliwa na wadudu. Mistari kumi na moja imejazwa na mfanyakazi wa chumba cha hati.*

"Mbona hujaweka jina?" mdogo wangu akauliza.

"Joka limeshachukua," nikamwambia.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mdogo wangu alisimama akawaambia ukweli wote, waziwazi, bila kunitupia lawama na bila kunivika kilemba cha ukoka. Wengine waliguna. Kijana mmoja mwenye tatuu alikuwa anautazama mkono wake kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja. Mwanamke mmoja aliuliza kama basi hadithi si ya kale tena. Mdogo wangu akasema, "Waliotuachia majoka haya nao walikuta matundu, mama. Kila mmoja alijaza la mwenzake kwa alichokuwa nacho moyoni. Tofauti ni kwamba huyu wetu tumemkamata." Watu wakacheka, na mimi nikatafuta pa kuficha uso.

Mama alikuja na fimbo yake na mtandio wake mzuri. Macho yake siku hizi si mazuri. Alisimama mbele ya kabati la tisa, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Mbona mmeniwekea ngozi yenye tundu?"

"Ngoja nikusomee kilichokuwa mle," mdogo wangu akasema. Akamsomea kadi, polepole, mistari yote kumi na moja. Mama alisikiliza ameegemea fimbo. Niliomba ardhi ipasuke. Kwenye kitabu alishasomewa maneno yale mara nyingi na akapiga makofi, lakini pale hakupiga makofi. Aliendelea kutazama tundu.

"Penseli hiyo ni yako," akaniambia, bila kunigeukia. "Ulikuwa unavunja ncha kila siku. Nilikuwa nakuchongea mimi, kwa kisu cha jikoni."

Akageuka, akaanza kuelekea kwenye viti, fimbo ikigonga sakafu. Alipofika katikati ya ukumbi akasimama, ametupa mgongo, akaita kwa nguvu, kama mtu anayeitia kutoka jikoni.

"Chiriku!"

Mdogo wangu ana miaka arobaini na tisa, na jina hilo ameliitika maisha yake yote. Nilimwona mdomo unafunguka. Kisha akaufunga, akaubana kwa meno, akainamia kadi kama anaisoma upya. Chini ya kabati akanikanyaga mguu, kwa nguvu.

"Abee, Mama," nikaitika.